Ardhi ya Kazi: Kuhesabu Kabla Haijaisha

Kati ya mwaka 2001 na 2015 jiji la London lilipoteza zaidi ya hekta 1,300 za ardhi ya viwanda, maghala, karakana na yadi za magari. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kwamba ardhi yote hiyo iondoke. Iliondoka kipande kwa kipande: yadi ya mabasi hapa, kiwanda cha uchapaji pale, ghala lililokaa tupu kwa miezi michache kule, kila kimoja kwa kibali chake na kila kibali kikiwa na sababu yake nzuri. Mwishoni mwa kipindi hicho zilibaki hekta 6,976. La kufikirisha zaidi ni kwamba upotevu huo haukutokea gizani. London ina mpango wa jiji zima tangu 2004, na ndani yake kuna kiwango cha ardhi ya viwanda inayoweza kuachiwa kila mwaka bila kuuumiza uchumi wa jiji. Kwa kipindi kilichoanza 2011 kiwango hicho kilikuwa karibu hekta 37 kwa mwaka. Kasi halisi kati ya 2010 na 2015 ilizidi hekta 100. Wapangaji waliliona jambo hilo, wakaliandika, wakalichapisha, na ardhi ikaendelea kuondoka.

Tumezoea kudhani kwamba tatizo la ardhi ya ajira ni ukosefu wa takwimu, na kwamba siku tutakapozipata tutakuwa tumelimaliza. London ilikuwa nazo. Ilichokosa ni kanuni ya kuifanya takwimu imfunge mkono mtoa kibali. Ufuatiliaji wa ardhi ya kazi una maana pale tu idadi iliyoandikwa daftarini inapobadili uamuzi wa kesho yake. Na idadi yenyewe ina maana pale tu inapohesabu ardhi ambayo fundi, mwenye kiwanda au mfanyabiashara anaweza kuingia akaanza kazi, wala haihesabu kila eneo lililopakwa rangi ya zambarau kwenye ramani ya mpango kabambe. Masharti haya mawili yanategemeana. England imetimiza sehemu ya hilo la pili ikashindwa la kwanza. Tanzania, kama nitakavyoonyesha, bado haijatimiza lolote kati yake, ingawa ina nyenzo nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Ardhi hii inahitaji mwangalizi kwa sababu ya bei. Katika mji unaokua, kiwanja kile kile kikijengwa nyumba za ghorofa kinamlipa mwenyewe zaidi sana kuliko kikibaki na karakana. Anapoomba kubadili matumizi anafanya jambo la busara kwake, na ofisa anayelipokea ombi hilo, akilitazama peke yake, kwa kawaida hana sababu ya kukataa: karakana moja ikiondoka mji haufi. Faida inamwangukia mtu mmoja, leo hii, kwa kiasi kinachohesabika. Hasara inasambaa kwa watu ambao hata hawajui kwamba wamepoteza kitu: fundi atakayetafuta nafasi miaka mitano ijayo, mteja atakayelipia usafiri zaidi kwa sababu ghala limehamia nje ya mji, kijana ambaye kazi ya karibu na kwao haipo tena. Tena hasara hiyo hairudi nyuma. Ghorofa likishagawanywa kwa wenye hati arobaini, hakuna mpango utakaolirudisha kuwa yadi. Wala kipande kinachoondoka hakiondoki peke yake. Ukiweka nyumba ubavuni mwa mpiga bati, baada ya muda mfupi malalamiko ya kelele na vumbi yanafika ofisini, na anayeonekana mkosaji ni yule aliyekuwepo kwanza. England ilisumbuliwa na jambo hili kiasi kwamba mwaka 2018 iliingiza kwenye mwongozo wake wa taifa kanuni kuwa anayeleta matumizi mapya ndiye abebe gharama ya kuyakinga na kelele za jirani aliyemkuta.

Mfumo wa England (Scotland na Wales zina kanuni zao) ndio ulioandikwa kwa kina, kwa hiyo unafaa kuchunguzwa kwanza. Sheria ya mipango ya 2004 ilizitaka halmashauri zote zitoe ripoti ya ufuatiliaji kila mwaka. Desemba ya mwaka huo serikali kuu ikatoa mwongozo wa mapitio ya ardhi ya ajira wenye hatua tatu: kuhesabu kilichopo, kukadiria mahitaji yajayo, kisha kuchagua maeneo ya kubaki, ya kuachiwa na ya kuongezwa. Zikafuata fahirisi ambazo kila halmashauri ilitakiwa kuziripoti kwa namna moja: eneo la sakafu ya kazi lililojengwa katika mwaka, kwa aina yake, sehemu ya ujenzi huo iliyofanyika juu ya ardhi iliyokwisha kutumika zamani, na hekta za ardhi ya ajira zilizopo, yaani zilizotengwa kwenye mpango pamoja na zilizokwisha kupata kibali. Fahirisi hizi ni kavu, lakini zilimlazimisha mwandishi wa ripoti aseme mambo ambayo hotuba huyaruka. Tuseme halmashauri imetoa vibali vya mita za mraba 20,000 za maghala mapya, na mwaka huo huo imeruhusu mita 26,000 za viwanda vya zamani zigeuzwe makazi. Hotuba itasema mita 20,000 zimeongezeka. Daftari lililoandikwa vizuri litasema 6,000 zimepungua. Daftari bora zaidi litauliza pia ni za nani, kwa sababu ghala moja kubwa la kampuni moja kando ya barabara kuu halizibi pengo la vyumba mia mbili vya mafundi vilivyokuwa karibu na stendi.

Hata hivyo, kuhesabu kilichotengwa hakutoshi, na hapa ndipo madaftari mengi yanapodanganya bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Kipande kinaweza kuwa kimetengwa lakini hakijapimwa. Kinaweza kuwa kimepimwa lakini hakina barabara ya kupitisha lori. Kina barabara lakini umeme wa viwandani haujafika. Kina vyote hivyo lakini mwenyewe hakiuzi wala hakikodishi kwa sababu anangoja kibadilishwe matumizi. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kufanyia kazi mwaka huu, ni kile tu kilichovuka hatua zote hizo kinachostahili kuitwa ardhi iliyopo. Mji wenye hekta 500 zilizotengwa na 10 zilizo tayari una uhaba, hata kama ramani yake inang'aa. Na hata hizo zilizo tayari hazifai zijae zote. London hukadiria kwamba karibu asilimia 5 ya ardhi ya viwanda inapaswa kuwa wazi wakati wowote, ili biashara inayokua ipate pa kuhamia na inayokufa iache nafasi. Ikishuka chini ya hapo kodi za pango hupanda, na wanaotangulia kuondoka ni wale wenye faida ndogo, ambao mara nyingi ndio wenye wafanyakazi wengi kwa kila mita.

England ilikuwa na mfumo huo, kisha ikauacha ulegee. Mwaka 2011 serikali kuu iliuondoa mwongozo wa ufuatiliaji pamoja na fahirisi zake kwa hoja ya kuzipa halmashauri uhuru, na sheria iliyopitishwa mwaka huo ikaondoa wajibu wa kupeleka ripoti kwa waziri. Ikabaki kuzichapisha tu. Uhuru ni jambo jema, lakini matokeo yake ni kwamba kila halmashauri sasa huhesabu kwa mtindo wake, na kujumlisha takwimu za halmashauri jirani, ambazo wafanyakazi wake huvuka mipaka kila asubuhi, kumekuwa kazi ya mtafiti. Linganisha na nyumba. Kwa upande wa makazi, halmashauri inatakiwa kuonyesha kwamba ina ardhi ya kutosha ujenzi wa miaka mitano. Ikishindwa, mizani ya sheria huelemea upande wa mwombaji wa kibali, naye akikataliwa na kukata rufaa ana nafasi kubwa ya kushinda. Tangu 2018 kuna pia kipimo cha nyumba zilizojengwa kweli, chenye adhabu zake. Kwa hiyo kila mkuu wa mipango anaijua idadi yake ya nyumba kwa moyo. Ardhi ya kazi haina kipimo cha namna hiyo. Hakuna kinachotokea ikipungua. Ofisa mwenye ombi moja mezani, linaloongeza nyumba na kupunguza karakana, anajua upande mmoja una adhabu na mwingine hauna. Sihitaji kumlaumu ofisa huyo. Amesoma kanuni kama zilivyoandikwa.

Baadaye macho yenyewe ya mfumo yalizibwa. Tangu Mei 2013 ofisi nchini England zinaweza kugeuzwa makazi bila kibali kamili cha mipango. Halmashauri huarifiwa na kukagua mambo machache tu. Mpangilio huo ulianza kama wa muda, ukafanywa wa kudumu mwaka 2016. Septemba 2020 maduka, ofisi, migahawa, zahanati, kumbi za mazoezi na viwanda vyepesi viliwekwa katika kundi moja la matumizi, na kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine ndani ya kundi hilo hakuhesabiwi tena kuwa badiliko linalohitaji ombi lolote. Agosti 2021 ikaongezwa njia ya kutoka kwenye kundi hilo moja kwa moja hadi makazi. Mwanzoni ilikuwa na ukomo wa ukubwa na sharti la jengo kuwa tupu kwa miezi mitatu. Vyote viwili vikaondolewa Machi 2024. Mtu anaweza kuzipenda au kuzichukia sera hizi kwa sababu nyingine. Kwa anayefuatilia ardhi ya ajira athari ni moja: ufuatiliaji wa England ulijengwa juu ya karatasi za maombi, na pale maombi yanapokoma, daftari linabaki na mistari mitupu wakati mji unabadilika. Karakana ya mshonaji inaweza kuwa ofisi ya wakala wa nyumba, kisha mgahawa, na kwenye takwimu ikaendelea kuonekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu hapo anayetaka kuujua ukweli inambidi atembee mtaani.

London ilijaribu kujirekebisha. Rasimu ya mpango mpya chini ya Meya Sadiq Khan ilikusudia kuweka kanuni kwamba maeneo ya viwanda yaliyoteuliwa, kwa ujumla wake, yasipungue uwezo wa sakafu ya kazi: kinachoondoka mahali pamoja kifidiwe mahali pengine, hata kwa kujenga viwanda vya ghorofa. Hiki ndicho kiungo kilichokosekana, idadi yenye matokeo. Machi 2020 Waziri Robert Jenrick alimwelekeza meya aiondoe kanuni hiyo, kwa hoja kwamba ingeubana ujenzi wa nyumba, na mpango uliochapishwa Machi 2021 ulitoka bila hiyo. Yameachwa maneno ya kuhimiza na ulinzi wa maeneo makuu, ambao si haba. Lakini asilimia 36 ya ardhi ya viwanda iliyohesabiwa mwaka 2015 ilikuwa nje ya maeneo yote yaliyoteuliwa, ikiwa ni vipande vidogo vya mitaani, na ndivyo vilivyo rahisi kuchukuliwa.

Waziri hakuwa mtu asiye na hoja, na hoja za upande wake zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kulinda ardhi ya kazi huzaa mapori mjini: viwanja vilivyofungwa kwa uzio, vilivyotengwa miaka ishirini iliyopita kwa ajili ya viwanda ambavyo havikuja, wakati watu hawana pa kuishi. Mwongozo wa taifa wa England wa Machi 2012 uliliona hilo na kuzitaka halmashauri ziepuke kuendelea kulinda kwa muda mrefu maeneo yasiyo na matumaini ya kutumika. Nakubali kabisa kwamba maeneo ya namna hiyo yapo. Lakini utayatambuaje bila kuhesabu? Kiwanja kinaweza kuwa kitupu kwa sababu hakuna anayekihitaji, au kwa sababu mwenyewe amekiwekea bei ya nyumba huku kimetengwa kwa karakana. Kwa macho viwili hivyo vinafanana. Vinatofautishwa na kumbukumbu ya miaka kadhaa inayoonyesha kilitangazwa lini, kwa bei gani, na nani alikuja kukiulizia. Ndiyo maana halmashauri nyingi za England humtaka mwombaji athibitishe kwamba amekitangaza kiwanja chake kwa matumizi ya kazi, kwa bei ya soko la kazi, kwa mwaka mmoja au miwili, kabla ya kusikilizwa. Ufuatiliaji mzuri huachia ardhi iliyokufa kwa haraka zaidi, kwa sababu unampa ofisa ujasiri wa kusema hii haitakiwi tena. Asiye na daftari hulinda yote au huachia yote.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: nyumba ni hitaji la msingi, na mtu aliyelala nje haulizi habari za ghala. Siwezi kuipuuza. Naweza tu kuuliza ni nyumba gani zilizopatikana kwa kuitoa ardhi ya kazi bila uangalizi. Utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe, ukaongozwa na Ben Clifford wa chuo kikuu cha University College London na kuchapishwa 2020, uligundua kwamba kati ya makazi yaliyotokana na kugeuza majengo bila kibali kamili, ni asilimia 22.1 tu yaliyofikia kiwango cha taifa cha ukubwa wa nyumba. Kwa yale yaliyopitia kibali kamili ilikuwa asilimia 73.4. Vyumba vingi vilikuwa vidogo mno, vingine havina dirisha la maana. Na mkazi wa nyumba mpya anahitaji siku ya pili yake fundi bomba mwenye stoo ya vifaa, gereji, kiwanda cha mikate, yadi ya taka, yadi ya mabasi. Shughuli hizi zikisukumwa nje ya mji zinaendelea kuuhudumia, ila kwa lori linalosafiri mbali zaidi na kwa mfanyakazi anayeamka saa tisa usiku.

Wapo pia wanaosema kwamba kazi ya leo haihitaji ardhi, kwamba kompyuta ndogo na meza ya jikoni zinatosha. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Ununuzi wa mtandaoni umepunguza maduka na kuongeza mahitaji ya maghala, tena maghala ya karibu na wateja. Chakula kinachoagizwa kwa simu kinapikwa mahali fulani. Park Royal, magharibi mwa London, mojawapo ya maeneo makubwa ya viwanda barani Ulaya, imejaa watengenezaji wa chakula kinacholiwa mjini humo kila siku. Kilichohamia nyumbani ni sehemu ya kazi za ofisini. Kuoka, kuchomelea, kupanga mizigo na kukarabati magari bado kunataka sakafu, mlango mpana na jirani mvumilivu.

Yote haya yanaigusa Dar es Salaam kwa njia ya moja kwa moja. Sheria ya mipango miji iliyotumika Tanganyika kuanzia 1956, na kuendelea kutumika hadi Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ilitokana na mfumo wa Kiingereza wa baada ya vita: mpango mkuu, ramani ya matumizi, kibali kwa kila badiliko. Tulirithi ramani na kibali. Ripoti ya kila mwaka haikuja, kwa sababu hata wao walikuwa hawajaifanya kuwa wajibu. Dar es Salaam ilipata mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979, na huo wa mwisho ulikaa zaidi ya miongo mitatu bila mrithi aliyekamilika, hadi maandalizi ya mpango wa 2016 hadi 2036. Katika miaka kumi tu kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, mkoa uliongezeka kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Ukanda wa viwanda wa Barabara ya Pugu, sasa Nyerere, ulipangwa kwa mji mwingine kabisa. Eneo la viwanda vidogo la Mikocheni leo linafahamika zaidi kwa vyombo vya habari na ofisi. Huenda mabadiliko hayo ni mazuri. Redio nayo ni ajira. Lakini mwananchi angependa kuona mahali palipoandikwa hekta ngapi za ardhi ya viwanda zilibadilishwa matumizi Dar es Salaam mwaka jana, na ngapi ziliongezwa mahali pake. Hati ya kumiliki ardhi inataja matumizi yaliyoruhusiwa, na kuyabadili kunahitaji idhini, kwa hiyo kila badiliko halali limepita mikononi mwa ofisa. Taarifa zipo. Hazijajumlishwa mbele ya umma.

Upande wa kutenga tumekuwa hodari zaidi, na ndiko tulikojidanganya zaidi. Tangu Sheria ya Maeneo ya Uzalishaji kwa ajili ya Mauzo ya Nje ya 2002 na ile ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya 2006, ardhi imetengwa katika mikoa mingi, na Bagamoyo peke yake ina maelfu ya hekta. Nyingi ya ardhi hiyo ilikwama kwa miaka katika fidia isiyolipwa. Mkulima hakuweza kupanda zao la kudumu, na mwekezaji hakuweza kujenga. Kwenye orodha za serikali hekta hizo zilisomeka kama ardhi iliyopo. Ukizipima kwa hatua za utayari nilizozitaja, nyingi hazijavuka hata ya kwanza. Kinyume chake, mitaa ya viwanda ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa 1973, ni midogo na imechoka, lakini fundi anaingia na kufanya kazi. Hekta moja ya namna hiyo ina uzito kuliko mia za kwenye karatasi, na daftari lisiloweza kuonyesha tofauti hiyo halifai kupelekwa kwa mwekezaji wala kwa mbunge.

Kuna pingamizi la hapa kwetu ambalo England haina: watu wengi hawafanyi kazi kwenye maeneo yaliyotengwa. Wako Keko wakichonga samani kando ya barabara, wako Kariakoo kwenye fremu na juu ya meza, wako chini ya nguzo za umeme wakikaanga chipsi. Kuna maana gani kuhesabu ardhi ya viwanda wakati kazi yenyewe iko barazani? Nadhani hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho, inadai kuhesabu zaidi. Machinga Complex ya Karume, Ilala, ilijengwa kwa mkopo mkubwa ili kuwapa wafanyabiashara wadogo mahali pao, kisha ikakaa miaka na vizimba vingi vitupu wakati barabara za jirani zimejaa. Nafasi iliongezwa, ila pasipokuwa na mteja anayepita. Mwaka 2021, machinga walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara katika miji mikubwa, swali lilikuwa lile lile: huko wanakopelekwa kuna nafasi ngapi, na kati ya hizo ngapi zina wateja? Anayeshughulika na ardhi ya ajira mjini kwetu anapaswa kuhesabu na baraza, na kando ya stendi, na uwanja wa mafundi seremala, kwa sababu ndiko kazi iliko. Eneo lisilo kwenye daftari huchukuliwa siku barabara inapopanuliwa, na hakuna anayedaiwa mbadala wake.

Kuhusu gharama, sioni kwamba ni kisingizio tena. Sensa ya 2022 ilikwenda pamoja na sensa ya majengo na zoezi la anwani za makazi. Nchi iliyohesabu majengo yake yote inaweza kuhesabu karakana zake. Halmashauri hutoa leseni za biashara, na leseni ina anwani. Vibali vya ujenzi vinatoka kwenye ofisi hizo hizo, na taarifa za hati ziko kwenye mifumo ya wizara ya ardhi. Wafanyabiashara wasio na leseni wana viongozi na vyama vyao vinavyowajua kwa mtaa. Ofisa mipango mmoja na mwingine wa biashara, wakipewa wajibu ulioandikwa, wanaweza kutoa ukurasa mmoja kila mwaka: ardhi ya kazi iliyokuwepo Julai mosi, iliyoondoka, iliyoingia, na iliyo tayari kutumika leo. Kenya, yenye Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 na kaunti zinazojenga maeneo yao ya viwanda kwa kushirikiana na serikali ya taifa, ina sababu ya kufanya vivyo hivyo kabla maeneo hayo hayajageuka kuta tupu.

Kigumu ni sharti la kwanza, lile lililoishinda London. Kanuni za mipango miji zingeweza kusema kwamba halmashauri ambayo ardhi yake ya kazi iliyo tayari imeshuka chini ya kiwango kilichokubaliwa haitaidhinisha badiliko jingine la matumizi mpaka kifidiwe kilichoondoka, na kwamba anayebadilisha achangie gharama ya kukifidia. Wenye viwanja watapinga, na wengine watakuwa na haki ya kusikilizwa. Lakini bila sharti la aina hiyo tutakuwa tumenunua mfumo wa kompyuta ili tutazame vizuri zaidi ardhi ikiondoka.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Mkazi wa Temeke, wa Ubungo au wa mji mwingine wowote anaweza kwenda na kumwomba diwani wake aulize namba hizo nne. Zikikosekana, aombe zitolewe mwaka ujao, na kila mwaka baada ya hapo, kabla ombi linalofuata la kubadili matumizi halijapitishwa.